Mstari wa Nne

"Saba! Mwalimu Makau, umeandika vipindi saba!"

Wakesho aliinua karatasi juu kila mtu aione. Watu wakaangua kicheko.

"Kwani kuna sheria?" Mwalimu Makau akajibu bila kusimama. "Nionyesheni palipoandikwa kwamba mtu apende vipindi vitatu tu."

"Betri ndiyo sheria," alisema Mzee Nehemiah kutoka kwenye kiti chake kando ya televisheni. "Unataka tufike Jumatano tukae tunatazama kioo cheusi?"

"Na huko chini umeandika nini tena?" Wakesho akasogeza karatasi karibu na macho. "'Mwenye televisheni anunue erio mpya ya kunasia picha, hii inaonyesha watu wakiwa na mapacha wao.'"

Kicheko kikazidi. Mzee Nehemiah peke yake hakucheka.

Mwaka huo wa 1982, televisheni ilikuwa moja tu kijijini Mwanda, nayo ilikuwa ya Mzee Nehemiah, mjomba wake Wakesho. Stima ilikuwa bado haijapanda mlima. Televisheni iliendeshwa kwa betri kuukuu ya lori, na betri hiyo ilishuka mjini Voi kuchajiwa, ikarudi Jumamosi kwa pikapu iliyokuja kuchukua kabichi. Nguvu yake ilitosha vipindi vitatu kwa juma, basi. Ndiyo maana watu walipiga kura. Mwezi mzima mkebe ulikaa mlangoni pa nyumba ya mzee, kila mtu akaandika vipindi anavyovipenda kwa kufuatana. Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya kanisa, Wakesho alizisoma kura kwa sauti na kuzihesabu. Vitatu vilivyoshinda viliandikwa ukutani kwa chaki, na hivyo ndivyo vilivyotazamwa mpaka mwezi uishe.

"Mimi sijui kuandika," alisema Nyanya Wakio, mkongojo mkononi. "Niandikie wale wanaopigana."

"Mieleka, Nyanya?"

"Hao hao. Wa chupi."

Watu walipotulia, Wakesho alifungua kikapu chake cha kushonea akatoa mkasi. Ulikuwa wa marehemu mama yake.

"Sikilizeni. Tunakaa hapa mpaka jua linazama kwa sababu ya orodha za watu. Kuanzia leo ni mistari mitatu. Chochote kilichoandikwa kuanzia mstari wa nne, sikisomi. Nakata."

"Hata matusi?" akauliza Makau.

"Hasa matusi."

"Na hiyo mikia utaipeleka wapi?"

"Mikia atapewa mjomba afungie ugoro."

Wakakubali kwa makofi. Wakesho akaukata mkia wa Mwalimu Makau mbele ya watu wote, kipande cha karatasi kikaanguka sakafuni, na mjomba wake akainama akakiokota.

* * *

Ambrose hakuwahi kuwako siku ya kuhesabu. Alikuwa kijana wa Mbololo, fundi katika gereji moja Voi iliyochaji betri, mwembamba, na suruali yake ilikuwa imetobolewa na tindikali kama imepigwa na mvua ya moto. Yeye ndiye aliyeipandisha betri Mwanda kila Jumamosi. Aliiunganisha, akaipima, akatia kura yake mkebeni akiwa na kura, kisha pikapu ikishajaa kabichi, akashuka nayo.

Jumamosi ya mwisho kabla ya kura za Oktoba alifika na betri begani, gunia chini yake.

"Kwawuka, Wakesho."

"Saa nane mchana wewe unaniamkia?"

"Kwangu mimi asubuhi huanza nikifika hapa."

"Hayo umeyatoa kwenye televisheni."

"Nitayatoa wapi? Mimi mwaka mzima nawaletea betri, sijawahi kutazama hata kipindi kimoja." Alitua betri polepole. "Hivi wewe unapenda kipi? Usiniambie mieleka."

"Mimi? Kwaya. Kisha Daktari wa Bondeni. Kisha Mzee Tabasuri na mkewe, kwa sababu wanagombana kama mjomba na mbuzi wake." Wakesho alicheka, akairekebisha leso yake ya manjano kichwani. Leso hiyo nayo ilikuwa ya mama yake, na hakuna Jumamosi aliyokosa kuivaa. "Lakini mimi sipigi kura. Anayehesabu hapigi."

Ambrose akaitazama leso, akatazama chini.

"Wakesho, nina neno."

Wakesho aligeuka. Wanawake wa kabichi walikuwa wameacha kufunga magunia. Josephat, dereva wa pikapu, alikuwa amezima injini ili asikie vizuri. Na mjomba wake alikuwa pale mlangoni, anasokota waya wa erio. Aibu ikampanda mpaka masikioni, na ulimi ukakimbilia mzaha.

"Ukiwa na neno, liandike kama wenzako, utie mkebeni. Mimi hapa nasikia karatasi tu."

Wanawake wakapiga vigelegele vya utani. Ambrose hakucheka.

"Nikiandika, utasoma?"

"Kwani kazi yangu ni nini?"

Alitoa penseli nyuma ya sikio, akaweka karatasi juu ya boneti ya pikapu, akaandika kwa muda mrefu kuliko mtu anayeandika majina ya vipindi. Akaikunja mara nne, akaitia mkebeni, akapanda nyuma ya pikapu, juu ya kabichi.

* * *

Jumapili, tarehe tatu Oktoba, Wakesho aliifungua karatasi hiyo akaijua hapo hapo. Ilikuwa kwa herufi kubwa, zile ambazo Ambrose aliandikia namba za betri.

"Cha kwanza, Kwaya," alisoma. "Cha pili, Daktari wa Bondeni. Cha tatu, Mzee Tabasuri."

Vilikuwa vitatu vyake, kwa mpangilio wake. Moyo ukamwambia: hili ndilo neno. Amejibu kwa njia ya kura, mtu mwenye haya.

Chini ya hapo palikuwa na maandishi mengine, madogo, yamejaa mpaka pembeni. Aliiona namba nne.

"Huyo naye ana mkia mrefu!" Mwalimu Makau alipiga kelele. "Kata! Tusione upendeleo!"

"Kata! Kata!" watu wakaitikia wakicheka.

Macho yote yalikuwa kwenye mikono yake. Wakesho akakata. Mkia ukaanguka, na Mzee Nehemiah akainama akauokota pamoja na mingine.

Siku ile mieleka ilishinda tena. Kwaya haikupata hata nafasi ya tatu. Lakini Wakesho alifagia ukumbi huku akiimba.

Ijumaa iliyofuata mjomba wake alimwita.

"Wakesho, ile leso ya manjano uliyofunga jana. Ni ya mama yako."

"Najua, mjomba."

"Unaivaa kwenye moshi, unaivaa kwenye kabichi. Itachujuka. Tutabaki na nini chake? Ikunje, uiweke sandukuni."

"Hata Jumamosi?"

"Hasa Jumamosi. Siku ya vumbi la magari."

Mjomba Nehemiah ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Hakuwa na mke wala mtoto. Neno lake kwa Wakesho lilikuwa neno la baba na la mama. Aliikunja leso, akaitia sandukuni, akaweka majani ya mkaratusi juu yake isiliwe na wadudu.

Kesho yake Ambrose aliruka kutoka kwenye pikapu kabla haijasimama. Alipomwona Wakesho, kichwa wazi, nywele zimesukwa tu, aliganda.

"Ulisoma?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Nilisoma."

"Yote?"

"Yote yanayohesabika."

"Na jibu?"

Wakesho akatabasamu, akaelekeza kidole ndani. "Jibu si liko ukutani? Nenda ukasome mwenyewe."

Ambrose aliingia, akasimama mbele ya ukuta. Mieleka. Mpira. Mzee Tabasuri. Akakitazama tena kile kichwa kisicho na leso. Alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika, ila Wakesho alidhani ni uchovu wa njia.

"Basi nitapiga kura tena mwezi ujao," alisema.

"Piga. Mtu hashindwi mara moja."

Kwa neno hilo moja Ambrose aliendelea kupanda mlima. Novemba alipiga kura. Desemba alipiga. Januari alipiga. Kila mara juu kulikuwa na vipindi vile vile vitatu, na chini kulikuwa na mkia, na Wakesho akaukata. Mara moja tu roho ilimsukuma.

"Mjomba, ile mikia ya jana iko wapi?"

"Nimefungia ugoro. Kwani?"

"Hakuna kitu."

Naye alingoja. Alingoja Ambrose afungue kinywa, amwambie kwa mdomo kile alichokuwa anakiandika kwa Kwaya na Daktari. Lakini kila Jumamosi Ambrose aliongea kidogo kuliko Jumamosi iliyotangulia. Alifika, akatazama kichwa chake, akafunga betri, akaondoka.

Februari, Wakesho alifungua karatasi ya herufi kubwa, akasoma kabla hajafikiri:

"Cha kwanza, Mieleka."

"Amerudi kundini!" Nyanya Wakio akapiga mkongojo chini.

Wakesho akakata mkia uliokuwa mfupi sana. Jumamosi iliyofuata Josephat alishuka na betri mwenyewe, anahema.

"Ambrose yuko wapi?" Wakesho aliuliza.

"Hukuambiwa? Amehamia Taveta. Kuna gereji mpya huko, wamempa kazi."

"Ameaga?"

"Ameniaga mimi, na mama anayetuuzia chai."

Wakesho aliipokea betri. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Hakuwahi kuibeba kabla.

* * *

Mwaka mmoja na zaidi ukapita. Mvua za 1984 zilikataa, kabichi zikakauka shambani, na pikapu ikawa inapanda kuchukua chochote kilichobaki. Vijana wawili walileta wazee wao kwa Mzee Nehemiah kumwomba Wakesho. Wote wawili aliwakataa, hakusema kwa nini. Kura ziliendelea. Mieleka iliendelea kushinda.

Mwezi wa Juni kifua cha Mzee Nehemiah kilikamatwa. Alilala siku nane bila kutoka nje. Siku ya tisa, jua likiwa juu, alimwita.

"Niletee kopo la ugoro. Lile kubwa, juu ya kabati."

"Mjomba, daktari amekataza ugoro."

"Hakuna ugoro humo. Lete."

Wakesho akalileta. Lilikuwa jepesi. Mjomba wake aliminyana na kifuniko mpaka kikafunguka. Ndani mlikuwa na vipande vitano vya karatasi vilivyokunjwa vizuri.

"Soma. Nilikaa navyo nikidhani nitakufa navyo. Sasa naona kufa kwenyewe kunakuja, na hivi vimenikaba kuliko kifua."

Wakesho aliviweka magotini, akavifungua kimoja kimoja. Herufi kubwa. Alivijua kabla ya kuvisoma.

"4. WAKESHO, NATAKA KULETA WAZEE WANGU KWA MJOMBA WAKO. KAMA UNAKUBALI, JUMAMOSI VAA LESO YAKO YA MANJANO. KAMA HUKUBALI USIVAE. NITAELEWA."

"4. SIKUIONA LESO. LABDA ILIKUWA IMEFULIWA. NITATAZAMA TENA."

"4. MAMA AMENIULIZA JINA LAKO. NIMEMWAMBIA. AMELIPENDA."

"4. KAMA NI MJOMBA HUTAKI KUMWACHA PEKE YAKE, MIMI NAWEZA KUHAMIA HUKO MLIMANI. NITAJENGA KARIBU NAYE. FIKIRIA."

"4. SASA NIMEELEWA. SITAKUSUMBUA TENA. KAA SALAMA."

Pumzi ya mzee ilikwaruza kama msumeno kwenye ubao mbichi.

"Leso," Wakesho alisema. "Ndiyo maana ukaniambia niiweke."

"Ndiyo."

"Haikuwa kwa sababu ya mama."

"Haikuwa kwa sababu ya mama. Mungu anisamehe, nilimtumia marehemu."

"Kwa nini, mjomba? Alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Nilimzika dada yangu, nikabaki na wewe. Nikaona nawe ukishuka Voi, nitabaki naongea na televisheni."

Wakesho akakiinua kile cha Januari.

"Na hiki? Alisema atahamia hapa. Ajenge karibu nawe. Hiki ulikisoma?"

"Hicho ndicho nilichokisoma mara nyingi kuliko vyote."

"Na ukanyamaza!"

"Nilikuwa nimekwisha kuficha vitatu, mwanangu. Ningetoa hicho kimoja, ungeniuliza vingine viko wapi. Niliogopa macho yako. Hayo hayo unayonitazama nayo sasa."

Wakesho alisimama. Alitaka kusema neno ambalo mtu hamwambii mjomba wake. Akalimeza. Alienda kwenye kikapu cha kushonea kutafuta kitambaa cha kufutia uso, na mkono wake ukagusa mkasi.

"Wewe ulificha," alisema bila kugeuka. "Aliyekata ni mimi."

* * *

Jumatatu alishuka Voi na pikapu ya Josephat, leso ya manjano kichwani, ikinuka mkaratusi. Karani wa posta alikisoma alichoandika, akamtazama juu ya miwani.

"Dada, hii ni telegramu ya mambo ya uchaguzi?"

"Ni ya nyumbani. Itume hivyo hivyo."

Ilisema: KURA YAKO YA OKTOBA IMESOMWA JANA. LESO NIMEVAA. WAKESHO.

Jumatano jibu likapanda mlima pamoja na Josephat: PIGA SIMU GEREJI TAVETA KESHO SAA NNE ASUBUHI. AMBROSE.

Wakesho alilisoma mara kumi. Hakukuwa na neno baya hata moja ndani yake. Usiku ule alimpikia mjomba wake uji, akamnywesha kijiko kwa kijiko, hawakusemezana, lakini mkono wake haukuwa mzito.

Alhamisi, saa nne kasoro dakika tano, alikuwa ndani ya kibanda cha simu cha posta. Mwanamke wa mitambo alimwambia, "Una dakika tatu. Zikikaribia kwisha nitakwambia." Kisha pakawa na mvumo kama wa upepo kwenye bomba, kisha sauti.

"Kwawuka, Wakesho."

Akashika ukuta.

"Kwawuka, Ambrose."

"Sikuielewa telegramu yako. Imesomwaje jana? Oktoba ni mwaka juzi."

"Nilikuwa nakata. Kila karatasi. Mistari mitatu tu ndiyo niliyokuwa nasoma, ya chini nakata kwa mkasi. Nilikuwa nimeweka sheria. Wewe hukuwahi kuwako siku ya kuhesabu."

"Ulikata?"

"Nilikata, Ambrose. Nilidhani vile vitatu vya juu ndivyo neno lako. Nilifurahi navyo."

Upande wa pili pakasikika kicheko kidogo, kisha kikakatika vibaya.

"Mimi nilikuwa naweka vipindi vyako juu ili ufike chini ukiwa unatabasamu," Ambrose alisema.

"Nilikuwa natabasamu. Niliukata nikiwa natabasamu."

"Na leso? Uliivaa kila Jumamosi, nilipoandika tu ukaivua."

"Mjomba alisoma mikia. Akaniambia niiweke sandukuni. Sikujua. Naapa sikujua."

Mvumo wa upepo kwenye bomba.

"Sasa umeivaa?"

"Nimeivaa. Watu wa posta wananitazama."

"Ningependa kuiona." Akakohoa. "Wakesho. Jumamosi hii naoa."

Wakesho akaushika waya wa simu.

"Anaitwa Ngina. Anauza ndizi sokoni hapa. Mwaka jana nilishikwa na malaria, sikuwa na mtu, yeye ndiye aliyekuwa ananiletea uji. Hata jina langu alikuwa halijui vizuri. Kanisani wameshatutangaza mara tatu."

"Anajua habari zangu?"

"Nilimwonyesha telegramu. Akaniuliza leso ni ya nini, nikamweleza. Akairudisha. Akasema, 'Nenda ukaongee na mwenzako. Usipopita sokoni mchana, nitajua, hutahitaji kuniambia.'"

"Yuko wapi sasa?"

"Yuko sokoni. Kutoka pale anauona mlango wa gereji." Sauti ya Ambrose ikashuka. "Sema, Wakesho. Mimi sina nguvu ya kusema. Ukisema njoo, nakuja leo. Nitakuwa nimemkosea mtu, na nitakuja."

"Dakika moja imebaki," alisema mwanamke wa mitambo.

Wakesho alifumba macho. Alikuwa na neno moja tu kinywani, *njoo*, fupi, limekaa pale tangu mwaka 1982. Lakini nyuma ya macho hakumwona Ambrose. Alimwona mwanamke asiyemjua, amekaa nyuma ya mikungu ya ndizi, anatazama mlango. Anautazama vile Ambrose alivyotazama kichwa chake, Jumamosi baada ya Jumamosi, akitafuta rangi ya manjano.

"Anatazama mlango," alisema.

"Nini?"

"Ngina. Anatazama mlango, anangoja aone. Hivyo ndivyo ulivyofanywa wewe. Ambrose, nimeshamkata mtu mmoja bila kumsoma mpaka mwisho. Wa pili siwezi. Pita sokoni."

"Wakesho…"

"Pita mapema, usimngojeshe mpaka mchana."

"Na wewe je?"

"Kwangu ulitaka jibu, umelipata. Ni ndiyo. Ilikuwa ndiyo kuanzia Oktoba."

Alimsikia akivuta pumzi, akitaka kusema kitu.

"Dakika tatu zimekwisha," alisema mwanamke wa mitambo, na hata yeye sauti yake haikuwa ile ya kwanza. "Dada, nikuongezee?"

"Hapana. Asante, mama."

* * *

Jumamosi ya tarehe thelathini Juni, Wakesho aliamka, akaoga, akafunga leso ya manjano, akakaa nje kwenye kigoda. Mjomba wake alitambaa na ukuta mpaka mlangoni, akamwona, akashika mwimo wa mlango.

"Leo ndiyo siku uliyoniambia?"

"Leo."

"Mwanangu, unaweza kunisamehe?"

Wakesho aliinuka kwenye kigoda.

"Sijui, mjomba. Ingia ndani, kuna baridi. Nitakuletea uji."

Pikapu ilipofika, Josephat alitua betri, akamtazama juu mpaka chini.

"Umependeza! Kuna sherehe?"

"Kuna harusi."

"Ya nani? Mbona sijasikia?"

"Iko Taveta."

Josephat akaingiza mkono mfukoni akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Hii imekuja jana kwa gari la ndizi, ikaachwa gerejini Voi. Walisema nisiiweke mkononi mwako. Niitie mkebeni, kama za wengine."

Akaitia. Wakesho hakuugusa mkebe mpaka kesho yake, kwa sababu sheria ni sheria.

Jumapili watu walijaa. Mzee Nehemiah alibebwa pamoja na kiti chake, akawekwa kando ya televisheni. Nyanya Wakio akawapigia kura wale wa chupi. Ilipofika karatasi ya Mwalimu Makau, Wakesho akasoma vipindi vyote saba, na maneno yote ya chini kuhusu erio, mpaka nukta.

"Leo hukati?" Makau mwenyewe alishangaa. "Mkasi uko wapi?"

"Umerudi kushona. Kuanzia leo tunahesabu vitatu, lakini tunasoma vyote."

"Tutakaa hapa mpaka jua lizame!"

"Tutakaa."

Karatasi ya mwisho ilikuwa ya herufi kubwa. Mzee Nehemiah aliitambua kutoka alipokaa, akainamisha kichwa.

"Cha kwanza," Wakesho alisoma, "Kwaya. Cha pili, Daktari wa Bondeni. Cha tatu, Mzee Tabasuri."

Akateremsha macho. Chini ya mstari wa tatu karatasi ilikuwa nyeupe. Akaigeuza nyuma, nako kulikuwa kweupe. Akairudisha mbele, akaitazama tena polepole mpaka kwenye ukingo wa chini, kama mtu anayesoma.

"Vipi?" aliuliza Mwalimu Makau. "Huyo hana mkia?"

"Hana," Wakesho alisema. Akachukua chaki, akamwekea alama zake tatu ukutani. "Huyo amemaliza."